Anza Kulia

Chombo chenyewe walikiita Mkwe, kwa sababu hukigusi ovyo, hukipiti mbele, na kikikosea huna mdomo wa kukisema. Ni mkono wa chuma unaoshika sindano na kuipeleka mwilini kwa kufuata picha ya eksirei. Daktari wa wanyama aliuendesha akiwa nyuma ya kioo kizito, roho juu tangu asubuhi.

Mezani alilala Bibi Harusi, sungura mweupe wa majaribio ya dawa ya ini. Dawa ikimfikia salama, ataishi. Aliyemshikia barakoa ya usingizi ni wifi yake daktari, dada wa mumewe, aliyemlea sungura yule kwa chupa na kumdekeza kama kitinda mimba.

"Mkwe ana haraka leo?" wifi alitania kwenye kipaza sauti.

"Mkwe hana neno. Mwenye haraka ni mimi."

Kweli, hakutulia. Alikaa, akasimama, akafuta miwani, akaifuta tena. Vivimbe vya ini vilikuwa viwili, kushoto na kulia. Cha kulia kilikaa kando ya mshipa mkubwa wa damu, hakiguswi mpaka mnyama awe amelala fofofo.

"Wewe ndiye unayemwona alivyolala," akasema. "Nianze upande gani?"

Spika ile bovu ikakwaruza, ikameza mwanzo wa maneno kama kawaida yake.

"...anza kulia!"

Sauti ilikuwa kali, lakini wifi naye, lini aliwahi kusema kwa upole? Daktari akabonyeza. Mkwe akainama upande wa kulia, taratibu, bila wasiwasi hata chembe, na sindano ikazama. Mara picha ikatikisika. Sungura alikuwa amejirusha.

Daktari alipoingia mbio, shuka la meza lilikuwa limelowa damu, na Bibi Harusi hapumui.

"Nimekwambia ameanza kulia!" wifi alifoka, barakoa bado mkononi. "Barakoa imemchomoka, akaamka! Mbona umeendelea?"

"Sungura halii, wifi."

"Huyu amelia. Nimemsikia kwa masikio yangu."

Daktari alilijua hilo vizuri: sungura hukaa kimya maisha yake yote, hulia akizidiwa na hofu au maumivu tu. Ndiyo maana akili yake haikwenda huko kabisa. Aliuliza upande, akasikia upande. Lo, jamani, neno moja tu! Alitamani ardhi ipasuke immeze.

Jioni mumewe akawapitia wote wawili na gari. Barabara ya kwao ilikuwa imefungwa kwa matengenezo, basi akapunguza mwendo kwenye njia panda, akamgeukia mkewe.

"Kulia?"

"Silii," akajibu daktari, na hapo hapo kilio kikampasuka, kwikwi juu ya kwikwi, miwani ikamdondokea mapajani.

Mume akabaki ameduwaa, mikono kwenye usukani. Kutoka kiti cha nyuma wifi akanyoosha mkono, akamshika daktari bega.

"Pita kushoto, kaka," akasema.