Kwato Ndani ya Tope

Komadre wangu Eduviges alikuwa anapika udongo. Sitanii. Anauchekecha kwa chekecheo la unga, anautandaza juu ya bamba lile lile la kuchomea tortila, chapati zetu za mahindi, anaugeuza kwa mwiko mpaka utoe moshi, ukungu wote ufe. Nyumba inanuka kama mvua iliyoungua. Mumewe, Crispín, akiketi mezani hunusa tortila yake na kusema, "Leo ina ladha ya barabara ya Matehuala."

"Usile basi," Vige anamjibu. "Mbuzi wako hawachagui."

Namwita komadre kwa sababu mimi ndiye niliyemshika binti yake ubatizoni, na kwetu ukishamshika mtoto, wewe na mama yake hamna tena cha kufichana. Ndiyo maana nilikuwa uani kwake kila siku, na mimi sijui kwenda mahali peke yangu. Nikienda, nyuma yangu wanakuja wanawake wengine wawili watatu, na nyuma yao kahawa na maneno.

Udongo wenyewe ulikuwa wa kuoteshea kwato. Huo ni mmea mdogo, jamii ya mpungate lakini hauna miiba, umelala sawasawa na ardhi kama alama ya ukwato wa kulungu aliyepita kwenye tope likakauka. Kiangazi unajivuta chini wenyewe, tope linafunga juu yake, unapita na kundi lako la mbuzi usijue umemkanyaga nani. Mwezi wa kumi tu ndipo bonde linapojitangaza: maua ya zambarau yanatoka kwenye matope makavu, bila jani, bila shina, kama mtu kamwaga shanga akaondoka.

Tulipokuwa wasichana watu walikuja na malori na magunia wakalikwangua bonde lile mpaka likabaki uso wa kibao, kwato zikaenda kuuzwa ng'ambo kwa watu wanaokusanya mimea adimu. Kwato zilizosalia zilijulikana na mtu mmoja tu, Crispín, kwa sababu amechunga huko tangu hajaota ndevu. Kila mwaka anachomoa mbegu kwa ncha ya mwiba kutoka kwenye sufi katikati ya mmea, nyingine anawaachia sisimizi, na anamletea mkewe zilizobaki ndani ya kibiriti. Vige alitaka kulirudishia bonde watoto wake. Hakutaka kingine.

Basi akajaribu aina tatu za udongo. Ya kwanza, mboji ya majani ya mti wa mesikite na samadi ya mbuzi, kwenye makreti ya nyanya. Ya pili, changarawe nyekundu, mchanga na mkaa uliosagwa, kwenye makopo ya rangi. Ya tatu, tope tupu la bondeni, lililopikwa kama nilivyosema, akalimwaga kwenye hori la zamani la saruji ambalo mbuzi walikuwa wanakunywea maji. Mbegu ni kama unga wa kahawa. Ukipiga chafya umepoteza msitu.

"Hilo tope litakuwa tofali," nilimwambia. "Mbegu gani itatoboa tofali?"

"Komadre, zimetoboa tangu kabla ya Adamu."

Makreti yaliota haraka, yakanenepa, nusu yakaoza kwa ukungu, na yaliyopona yakawa ya kijani, laini, kama watoto wa kunyweshwa soda. Makopo yalitoa vichipukizi vichache, jua likavila. Hori lilikaa kimya muda mrefu hata Vige mwenyewe akawa analitazama kwa pembeni. Halafu vikatokea vitu vya kijivu, vidogo, vigumu, vilivyobanwa chini. Miaka ikapita. Vilipofikia ukubwa wa kifungo cha koti, Crispín alipiga magoti mbele ya hori akashika kofia yake mkononi.

"Vige," alisema, "ningevikuta bondeni nisingejua kuwa ni wewe."

Tulicheka siku ile. Tulikuwa hatujui kwamba hapo ndipo tulipoharibu.

Crispín, kwa furaha, aliuchimbua mmoja kwa shida, maana mzizi wake ni mrefu kama figili, akauweka kwenye chungu akampelekea padri kwa sikukuu ya kanisa. Ukakaa madhabahuni. Watu wakaupiga picha.

Mwezi wa nane likaja gari jeupe la mizigo. Alishuka kijana mmoja safi, kucha safi, viatu safi, akajiita Mhandisi. Nyuma yake akashuka mwenye kofia, ambaye hakujiita chochote. Mhandisi alimpa mkono kila mtu, hata bibi kizee aliyekuwa amesinzia kitini. Akatoa simu: picha ya madhabahu, na ule ukwato wa kijivu.

"Mzuri sana," alisema. "Umetoka bondeni. Nani ananionyesha?"

"Umetoka kwenye mbegu," Crispín akasema.

Mhandisi alicheka vizuri tu, kama mgeni anayesikia mzaha wa mwenyeji. "Mbegu. Don Hilario wa kule kwenye kituo cha reli naye aliniambia mbegu."

Hakuna aliyecheka. Don Hilario alipakiwa kwenye gari mwaka uliopita ili akaonyeshe njia, na mkewe bado anamwekea sahani.

Nikaona midomo ya Vige inageuka rangi. Ndiye aliyepata uongo haraka kuliko sisi sote. "Huo ulikuwa wa marehemu baba yangu," alisema. "Alikuwa nao kabla sijaolewa. Tunayoweza kuotesha ni hii," akamvutia kreti la kijani.

Mhandisi aliuminya mmoja kwa vidole viwili kama mtu anayechagua parachichi. "Wa kulishwa," alisema. "Hauna thamani." Akaurudisha kwa adabu. "Nitarudi maua yakichanua, mama zangu. Wakati huo hata mimi nitayaona."

Lilipotoweka vumbi la gari, Crispín akasema, "Limwagie maji hori, Vige, limekauka."

"Sitalimwagia hata tone."

"Zitakufa!"

"Zitazama." Aliiondoa ndoo iliyokuwa karibu na hori. "Akiziona hizi hataamini kuwa ni za mbegu. Hata wewe hukuamini. Atasema wewe unajua zilipo bondeni, na atakupakia. Nikizichimbua, zitaonekana zimechimbuliwa. Hori halibebeki. Zizame."

Zikazama. Wiki baada ya wiki tope lilipasuka, likakaza, likazimeza moja moja mpaka hori likawa hori: tope kavu, kinyesi cha kuku, mbawa za panzi. Vige akawa hali chakula. Akisikia pikipiki anashika ukuta. Mimi nikaona dawa ni watu, nyumba ikijaa nani atathubutu? Mwezi wa kumi nikawaita wanawake waje kupukuchua mahindi kwa Vige kila siku, na wakaja, na vicheko vikarudi kidogo.

Halafu mvua ikanyesha jioni moja, mvua ya kukosea njia, mara moja tu. Asubuhi tope lilikuwa limelainika. Tulipomaliza kikombe cha pili cha kahawa, Vige aliniita kwa jicho. Nikaenda horini. Katikati ya tope, ncha ya zambarau, kama ulimi. Pembeni yake nyingine. Nyingine.

"Jua ndilo linalozifungua," alininong'oneza. "Zikipata jua la saa sita, komadre, zitafunguka zote."

"Funika gunia."

"Gunia linafunuliwa."

Na hapo tukalisikia gari.

Wapukuchuaji wangu! Mmoja akakumbuka maharage jikoni, mwingine akakumbuka mjukuu, mwingine hakukumbuka lolote, aliondoka tu na magunzi mapajani. Kufumba na kufumbua uani tulibaki Vige, Crispín aliyesimama kwenye zizi, na mimi.

Gunia linafunuliwa. Mwanamke mnene wa umri wangu hafunuliwi. Nilipandisha mguu nikaingia ndani ya hori, nikakaa, nikatandaza sketi yangu kila upande kama kuku anayeatamia. Baridi ya tope ilipanda mpaka mgongoni.

"Hodi!" Mhandisi alikuwa ameshaingia. Aliacha milango yote ya gari wazi. Mwenye kofia hakuja kwetu; alikwenda moja kwa moja zizini akamwekea Crispín mkono begani, kama ndugu waliopotezana. Akauacha hapo.

"Mama Herlinda," Mhandisi alisema. Jina langu sikuwahi kumpa. "Mbona umekaa kwenye hori?"

"Miguu, mwanangu," nikasema, na sauti ikatoka, namshukuru Mungu, nyembamba lakini ikatoka. "Imevimba. Tope baridi ndilo linaloniponya. Hospitali walinipa vidonge, nikampa mbwa wa jirani, sasa anaruka ukuta."

Nikazungumza. Nilizungumza kama mtu anayeziba mashua kwa matambara. Nilimsimulia mpishi wa padri na yule fundi wa paa, nani alimkuta nani, na ngazi ilikuwa wapi. Nilimsimulia harusi ambayo bwana harusi alisahau jina. Yeye anatikisa kichwa, anatembea, anageuza makopo ya rangi, anachungulia nyuma ya jiko, na mimi nikimfuata kwa maneno bila kusogeza kiuno. Jua lilikuwa utosini.

Akaja akakaa kwenye ukingo wa hori, ubavuni kwangu. Alinukia sabuni.

Akachukua tope kidogo, pale sketi yangu ilipoishia, akalisugua kati ya vidole. "Hili ni la bondeni."

Vige alishika mlango.

"Ndilo lenyewe," nikasema. "La hapa uani lina mawe, linakwaruza." Nikachota kiganja nikajipaka kifundo cha mguu mbele yake, polepole, kama nipo nyumbani kwangu. Nikaupaka na mkono wenyewe.

Akautazama mguu wangu. Uso wake ukabadilika kidogo, na hilo ndilo lililoniogopesha kuliko yote, kwa sababu ulikuwa uso wa mtoto wa mtu.

"Linasaidia kweli?"

"Linasaidia."

"Mama yangu halali kwa miguu," alisema. "Nifungieni kidogo nimpelekee."

Vige alikuja na mfuko wa mkate na kijiko kikubwa. Akapiga magoti kwenye kichwa cha hori, mbali na mimi kadiri hori lilivyoruhusu, akaanza kukwangua juu juu.

"Chimba chini, mama," Mhandisi alisema kwa upole. "La chini ndilo lenye baridi."

Akachimba. Nilimwona anazamisha kijiko na kufumba macho. Kijiko kilitoka na donge, kikaingia tena, na ndani ya tope nikasikia mlio mdogo, kama karoti inapovunjika. Nikakohoa. Nikakohoa mpaka machozi. Vige akafunga mfuko mafundo mawili bila kuutazama na akampa kwa mikono yote miwili.

"Mungu awape afya," alisema Mhandisi. Alikwenda mpaka kwenye gari, akageuka, akamtazama Crispín kama mtu anayekumbuka alichotumwa sokoni. Halafu akapiga mluzi. Mwenye kofia akaondoa mkono wake.

Niliposhindwa kabisa kulisikia lile gari, nilijaribu kuinuka na miguu ikakataa; sasa ilikuwa imevimba kweli. Walinivuta wote wawili. Jua likaingia mahali nilipokuwa, na zile zilizokuwa chini ya sketi yangu, zilizobanwa, zilizolala ubavu, zikaanza kufunguka mbele yetu, moja baada ya nyingine, mpaka hori zima likawa zambarau. Zilikuwa nzuri sana. Vige akazifunika blanketi la kitandani kwake kana kwamba ni maiti.

Kisha akaingiza kidole kwenye shimo la kijiko. Akakitoa na kipande cha mzizi, cheupe, kibichi, kimekatika. Kilichokuwa juu yake hakikuwepo.

"Kimeenda naye," alisema.

Crispín hakubishana. Jioni ile ile alipanda basi kwenda kwa dada yake mjini Monterrey, na mbuzi ninachunga mimi. Alimwambia Vige ni mpaka maua yaishe. Maua yaliisha zamani. Tulizihamishia kwato bondeni kabla ya baridi, Vige na mimi, na hori tukalijaza maji tena, lakini Crispín hajarudi na hakuna anayemwambia arudi.

Nyumba yangu bado inajaa. Wanakuja, tunapukuchua, tunacheka, ila nikisikia gari nanyamaza katikati ya neno, na wao wanajua kwa nini, wananyamaza pia.

Namuombea yule mama. Sijui anaishi wapi, sijui anaitwaje. Nawaza tope letu limemsaidia, basi mwanawe atarudi kuomba jingine. Halafu nawaza halikumsaidia, basi amelitupa uani kwake, karibu na mlango, mahali mwanawe anapopita na viatu vyake safi. Limekauka hapo, limefunga. Na kile kilichomo ndani yake hakina haraka. Kinaweza kuota mzizi mwingine, kikakaa chini miaka, kikingoja mvua moja tu ya mwezi wa kumi.