Chura wa Prayogi Akishapata Moto

Gari aliloniachia mume wangu Prayogi lilikuwa na tabia moja. Asubuhi liliwaka mara moja, bila kubembelezwa. Lakini ukishaliendesha mpaka injini ikapata moto, kisha ukalizima, haliwaki tena mpaka lipoe. Unageuza ufunguo, unasikia "tak" upande wa nyuma, basi.

Ni lile gari la zamani la Kijerumani, mgongo duara, injini nyuma. Hapa mjini Malang kila mtu huliita Chura.

Prayogi alipokuwa hai tabia hiyo haikunisumbua, maana aliishi nayo kama mtu anavyoishi na mke mwenye hasira za karibu. Tukienda sokoni alibaki ndani, injini ikiunguruma, akisoma gazeti juu ya usukani. Akilazimika kulizima, aliliegesha mteremkoni. Kisha anatoa breki, gari linaserereka, anaachia klachi kwenye gia ya pili, na Chura anaruka. Alifariki kwa moyo, kazini, kwenye kiwanda cha uchapaji, msimu wa mvua uliopita. Tangu hapo mimi ndiye niliyeujua mji kwa miteremko yake.

Nililipeleka kwa mafundi. Mmoja akabadilisha betri. Mwingine akabadilisha stata, ile mota inayozungusha injini iwake. Wa tatu akasema petroli inachemka ndani ya bomba, nifunge kitambaa chenye maji kwenye pampu. Kwa hiyo nikawa natembea na chupa ya maji na kitambaa, kama mtu anayeuguza homa.

Kisha siku ya maandamano ya magari ya zamani Chura akazimika katikati ya njia panda, akakataa kuwaka, mbele ya mkuu wa wilaya na bendi ya shule. Shemeji yangu Giyarto, mdogo wake Prayogi, alilisukuma akiwa na sare zake za benki. Jioni ile alikuja nyumbani, akakaa bila kuvua viatu.

"Mbak, kuna mtu wa Surabaya analitaka," alisema; Mbak kwetu ni dada. "Kila wiki ananipigia simu. Atalitunza vizuri kuliko sisi."

"Bado, Dik, mdogo wangu."

"Bado mpaka lini? Mpaka likuache barabarani usiku peke yako? Kaka, Mas Yogi, asingependa hivyo."

Hilo lilinigusa, kwa sababu ni kweli asingependa. Tukakubaliana. Kabla ya mwezi wa mfungo tungepanda na gari hilo hadi kaburini kwake, kule kijijini juu ya mji wa Batu, kumwaga maua na kusoma dua. Likituangusha tena huko, Jumatatu yake mtu wa Surabaya aje alichukue. Nilisema sawa. Usiku nilishuka gereji nikakaa ndani yake, taa zikiwa zimezimwa. Kiti cha dereva kilikuwa bado kina bonde la mgongo wake.

Klabu ya magari ya zamani aliyokuwamo Prayogi ina desturi: mwenzao akifariki, mwaka wa kwanza wa kuzuru kaburi wote hulisindikiza gari lake. Basi siku ile tulipanda mlima kwa msafara, Chura mbele, nyuma yetu vyuma vya kila rangi vikipiga honi. Mama mkwe wangu, Sumirah, ambaye kama mama yeyote huku huitwa Ibu au Bu, alikaa kiti cha nyuma na kapu la maua mapajani. Giyarto alikaa kando yangu, ameshika kofia yake ya sala.

Nilikuwa nimepanga kuegesha kwenye ule mteremko kando ya geti la makaburi. Lakini watu walikuwa wengi, na mlinzi akatuelekeza kwa filimbi hadi uwanja wa mpira. Uwanja tambarare kama sinia.

"Naacha injini inawaka kidogo tu, Pak," nilimwambia kwa adabu, kama tunavyomwita mzee yeyote.

"Zima, Bu. Watu wanasoma dua."

Giyarto alinitazama. Nikazima.

Dua ilikuwa fupi kwa sababu magoti ya Ibu hayavumilii kukaa chini. Alimwaga maua ya waridi juu ya kaburi la mwanawe, akapangusa vumbi kwenye jina kwa ncha ya shela yake, akasema, "Haya, Le, mwanangu, tunakwenda." Ndivyo alivyomwambia alipokuwa hai pia, kila alipoondoka nyumbani kwetu. Nilipotaka kulia, niligundua kwamba nawaza ufunguo.

Tulirudi garini. Jua lilikuwa limelipiga mgongoni muda wote, na ndani kulinuka joto. Niligeuza ufunguo.

Tak.

Nikageuza tena. Tak.

Giyarto alivua kofia yake akaitazama ndani, kana kwamba ameandikiwa kitu humo.

Cak Basori, kaka mkubwa wa wote na mwenyekiti wa klabu, alikuwa amekwisha kufika na kitambaa chake. Ni mtu mnene mwenye duka la miwani, sauti yake hutangulia tumbo lake.

"Petroli imechemka! Nilisema mimi! Leteni maji!"

"Cak, subiri," nilisema. "Petroli ikichemka, injini inazunguka lakini haishiki. Hii haizunguki kabisa."

"Basi betri."

"Betri ni mpya. Tazama." Niliwasha taa kubwa. Ziliwaka kali mpaka mlinzi akajikinga macho. Nikageuza ufunguo, tak, na taa hazikufifia hata kidogo.

"Mbak Ning amekuwa fundi," alisema mmoja nyuma yake, akinitania.

"Amekuwa fundi kwa sababu ninyi mmekuwa wapiga soga," Ibu alijibu kutoka kiti cha nyuma.

Kusukuma hakukuwezekana, magari yalikuwa yametubana mbele na kando. Basori akasema atabusti tu, alipe Chura umeme wa betri ya gari lake. Nilimwambia tuliwahi kufanya hivyo, haikusaidia. Alisema waliofanya hawakuwa yeye. Akaleta gari lake nyuma ya Chura, akatoa waya zake mbili, nyekundu na nyeusi.

"Ibu, samahani, betri iko chini ya kiti chako."

"Miaka yote nimekaa juu ya umeme na hakuna aliyeniambia?"

"Sogea kidogo tu, Bu, upande huu."

"Magoti yangu hayasogei upande huo. Sogeza betri."

Ikabidi Giyarto amkumbatie mama yake na kumhamisha pamoja na kapu lake, huku Ibu akilalamika kwamba hata siku ya harusi hakubebwa hivyo. Basori akapitisha waya mwekundu dirishani, akaubana kwenye betri. Mweusi ulikuwa umewahi kukatika na kufupishwa. Aliuvuta mpaka akatoa jasho, haukufika.

"Ubane popote," alisema Ibu. "Si chuma chote hicho?"

"Chuma ni chuma," alisema Basori, akaubana kwenye injini yenyewe, hapo nyuma.

Niligeuza ufunguo. Stata ilizunguka kwa nguvu ambayo sikuwahi kuisikia, na Chura akawaka.

Watu walipiga makofi. Basori aliinua mikono kama aliyefunga bao. Mimi nilizima.

"Mbak!" Giyarto alishika kichwa. "Umezima? Limewaka, umezima?"

"Cak, toa huo mweusi kwenye injini."

"Ili iweje?"

"Toa tu, tafadhali."

Akatoa. Nikageuza. Tak. Nikamwomba aurudishe. Nikageuza, likawaka. Nikazima tena. Nilimwambia aweke kando gari lake lote na waya mwekundu. Ule mweusi peke yake, kwa kuwa sasa haukuhitaji kufika kwenye gari lake, ulitosha kutoka upande hasi wa betri yetu hadi kwenye injini. Nikageuza ufunguo. Chura akawaka kwa betri yake mwenyewe.

Basori alikaa kwenye nyasi.

"Ethi, waya wa kurudisha umeme," alisema, na sauti yake ilikuwa imepungua. "Umeme unakwenda kwenye stata, lakini hauna njia ya kurudi. Taa zinarudishia kwenye bodi, hizo hazina shida. Injini inategemea ule waya mmoja tu, wa kutoka giaboksi hadi bodi. Likiwa baridi, umeme unajipenyeza hivyo hivyo, kwenye boliti, kwenye waya wa klachi. Likipata moto stata inataka umeme mwingi zaidi, na hapo njia inakuwa nyembamba."

"Kwa hiyo huo waya umekatika?" aliuliza Giyarto.

Tulitandaza mkeka wa plastiki tuliokuja nao, nikaingia chini ya gari kwa baibui langu, Giyarto upande wa pili na taa ya simu. Waya haukukatika. Ulikuwa mzima, mnene, umefungwa vizuri kwa boliti. Na ulikuwa kijani, kama tumbo zima la gari lilivyokuwa kijani.

Niliukumbuka ule mwezi alipolitengeneza kwa ajili ya maonyesho. Prayogi alishusha injini na giaboksi, akapiga rangi kila kitu, matabaka juu ya matabaka, hata mahali ambapo hapaonekani na mtu. Kwenye maonyesho wenye magari haya hutandaza vioo chini ili watu waone tumbo. Alitaka kioo chake kionyeshe kijani tupu. Alipaka rangi pale waya unapokutana na chuma, akafunga boliti juu ya rangi, kisha akapaka boliti.

Nilimweleza Basori. Aliinama akachungulia, kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akafuta machozi.

"Tulimpa kombe kwa tumbo hili! Mimi mwenyewe nilimkabidhi! Majaji watano, wote mafundi wa kujitangaza, tumelala chali tunasifu rangi juu ya ethi!"

Hata Giyarto alicheka, kule chini kando yangu, na kicheko chake kilifanana sana na cha kaka yake. Sikuwa nimekisikia muda mrefu.

Basori alifungua kibano cha betri ili tusipigwe cheche, akanipitishia spana. Ibu akatoa kisu cha kukatia keki ya wali. Boliti ilipotoka, niliona unywele wa brashi umeganda ndani ya rangi, mweusi, umepinda. Siku ile alikuwa na haraka, au jua lilikuwa limezama, sijui.

"Nikwangue mimi, Mbak?" Giyarto aliuliza polepole.

"Hapana, Dik. Wewe mulika."

Nilikwangua. Rangi ilitoka kwa vipande vidogo vilivyoniangukia mashavuni. Nilikwangua upande wa bodi, upande wa giaboksi, na macho mawili ya waya, nikamalizia kwa msasa mpaka chuma kikawa cheupe. Sehemu yote haikuzidi ukubwa wa sarafu. Kule kwingine niliiacha rangi yake kama ilivyo.

Tulifunga, tukakaza, tukarudisha betri. Liliwaka. Lakini hilo halikuthibitisha kitu, kwa kuwa lilikwishapoa. Ikabidi wenzetu watupishe, tukazunguka mlima mzima kupitia mashamba ya tufaha, Giyarto akiniambia niongeze mwendo, Ibu akiniambia nipunguze. Tuliporudi uwanjani hewa iliyotoka kwenye kifuniko cha nyuma iliunguza mkono. Nikazima.

Tulisubiri joto lipenye mpaka kwenye stata. Basori alikula tempe, vipande vya soya vya kukaanga, bila kutafuna vizuri. Hata mlinzi alikuja na filimbi yake mdomoni akasimama. Nilishika ufunguo, nikageuza.

Liliwaka kabla sijamaliza kugeuza.

Nilizima, nikawasha. Nikazima, nikawasha. Watu walikuwa wakipiga honi, na mlinzi akasahau kuwakataza. Giyarto alitoka garini, akaenda mpaka golini, nikamwona anaongea kwenye simu, mgongo kwetu, mkono mmoja kiunoni. Aliporudi alikuwa ameivaa kofia yake.

"Nimemwambia yule wa Surabaya asipige tena," alisema. "Amekasirika kidogo."

"Akasirike," alisema Ibu.

Giyarto alisimama kando ya mlango wangu, hana raha, akisugua vumbi kwenye kioo kwa kidole.

"Mbak, kushuka huku... naweza kuendesha mimi? Mas Yogi hakuwahi kunipa. Alisema nakanyaga klachi kama naua mende."

"Unakanyaga hivyo kweli," nilisema, nikampa nafasi.

Nilihamia nyuma, nikakaa kando ya Ibu, juu ya betri. Alinisogezea shela yake mabegani bila kunitazama. Kona ya kwanza Giyarto alikwaruza gia, na Ibu akamwambia kwamba kaka yake alisema kweli. Kona ya pili sikuisikia. Nililala usingizi mzito, mdomo wazi wanavyosema, mpaka Malang.