Kifutio na Mfumo Mpya wa Maabara

Ofisini walimwita Kifutio, na jina lenyewe alilipenda. Wenzake wakijisifu kwa wingi wa mistari ya programu waliyoandika, yeye alijisifu kwa mistari aliyoifuta. "Niliyoifuta haiwezi kuharibika," alizoea kusema, akizungusha kiti chake taratibu. Alianza kazi ya kuandika programu enzi za kompyuta nene zenye visogo nyuma, na tangu hapo ameona mitindo ikija kwa mbwembwe na kuondoka kimyakimya. Mara kila kitu kihamie kwenye simu. Mara mifumo ikatwekatwe vipande vidogo vidogo, kisha wenyewe waliosema ikatwe wanasema iunganishwe. Yeye alichukua kilichomfaa, kilichobaki akakipisha njia.

Safari hii mtindo uliingia na meneja. Alirudi kutoka kwenye kongamano la watu wa kompyuta, na kabla hata hajatua begi akawaita wote chumba cha mikutano.

"Mfumo wa maabara tunauandika upya," alisema, macho yakimng'aa. "Wote! Akili mnemba itaandika, sisi tutasimamia."

Mfumo huo ndio uliobeba majibu ya vipimo kutoka maabara ya hospitali hadi kwa daktari. Kifutio ndiye aliyeuandika, na kwa miaka yote hiyo ndiye aliyeuuguza ukiumwa. Sasa kazi ya kuuandika upya akapewa shemeji yake, mdogo wa mumewe, mwenye ulimi wa asali na vidole vyepesi, ambaye Kifutio mwenyewe ndiye aliyemwombea kazi pale.

"Shemeji, usininunie," alimwambia Kifutio mezani kwake baada ya mkutano.

"Ninune kwa lipi? Nataka kujua kitu kimoja tu. Daktari akiuliza kwa nini programu imefanya hivi na si vile, nani atamjibu?"

"Tutaiuliza mashine."

"Basi mwambie daktari aongee nayo yeye."

Shemeji alicheka mpaka akashika mbavu, akaenda zake kuanza kazi.

Na kazi ilikwenda, asikwambie mtu. Kila alasiri kulikuwa na kitu kipya kwenye skrini, rangi hizi, vitufe vile. Meneja alipita nyuma ya viti, mikono mgongoni, uso umemkunjuka kama bwana harusi. Kifutio mwenyewe hakuwa mtu wa kukataa ukweli. Ukurasa wa kutafutia vipimo vya zamani, ambao alikuwa akiupiga danadana tangu lini sijui, mashine iliumaliza kabla chai yake haijapoa. Aliujaribu, akauona mzuri, akausifu kwa sauti ili shemeji yake asikie.

Siku za kupeleka mfumo hospitalini zilipokaribia, meneja alimjia. "Upitie harakaharaka, uidhinishe."

Kifutio hakujua kusoma programu harakaharaka. Alivua viatu chini ya meza, akavuta skrini karibu, akaanza mstari wa kwanza. Baadaye akainua kichwa.

"Shemeji, hebu njoo. Kipande hiki kinafanya nini?"

Shemeji aliinama begani kwake. "Kinamtafuta mgonjwa."

"Kwa kutumia nini?"

"Namba ya simu. Si kila mtu ana namba yake?"

"Nani kakwambia?"

Shemeji alikuna kidevu. "Mashine ndiyo iliyoamua hivyo. Mimi niliona inafanya kazi."

"Mama mkwe wangu akienda hospitali, anaandikisha namba ya nani?"

"Mama? Yangu."

"Na mwanao?"

"Yangu," alijibu shemeji, na sauti ikaanza kumpungukia.

Kifutio aliwasha kompyuta ya majaribio. Aliandikisha bibi na mjukuu kwa namba moja ya simu, akaingiza majibu ya kisukari ya bibi, kisha akafungua ukurasa wa mjukuu. Sukari ya bibi ilikuwa pale pale, chini ya jina la mtoto, ndani ya kisanduku kizuri cha kijani.

Meneja alipoitwa, alitazama akashusha pumzi. "Kumbe kidogo tu. Rekebisheni, twende."

"Hiki nimekiona mimi," Kifutio alisema. "Nisivyoviona je? Humu kuna mistari chungu nzima ambayo hakuna binadamu aliyeisoma. Siidhinishi."

"Dunia nzima inakimbia, wewe unatembea!"

"Wakimbie. Programu ambayo mtu hawezi kuieleza si yake, ameiokota. Na cha kuokota mimi sikipeleki kwa wagonjwa."

Aliyasema bila kupandisha sauti. Alijua fika kwamba meneja angeweza kumruka na kuidhinisha mwenyewe. Watu wakajifanya wana shughuli na kibodi zao. Ndipo shemeji yake alipokohoa.

"Bosi, ana haki. Hata mimi sikuisoma."

Maneno hayo yalimtoka kwa shida. Meneja alimtazama yeye, akamtazama Kifutio, akaingia ofisini mwake na kufunga mlango. Kupitia kioo walimwona ameshika simu, anawaomba watu wa hospitali wavute subira.

Wakaanza upya, shemeji na shemeji, viti bega kwa bega. Wakielewa kipande, wanakiacha, na wasipokielewa, wanakitoa. Walibishana mpaka jirani zao wakahama meza. Mara kadhaa shemeji alitetea kazi ya mashine kwa hoja nzito, na Kifutio akasalimu amri.

Siku moja shemeji akasema, "Tuiambie mashine itutungie wagonjwa wa kututega."

"Itanitega mimi? Kwa lipi?"

"Tujaribu, shemeji."

Mashine ikatunga. Kulikuwa na mtu aliyebadilisha namba katikati ya matibabu, na mzee asiyejua siku aliyozaliwa. Kisha wakaja mapacha waliozaliwa siku moja, hawajapewa majina, wote wameandikwa "mtoto wa" mama yuleyule. Kifutio aliwaingiza mapacha hao kwenye mfumo wake wa zamani, ule aliokuwa akiulinda. Ukawafanya mtoto mmoja.

Alikodoa macho, kisha akaangua kicheko kikubwa, akampiga shemeji yake begani. "Haya! Hapo imenifunga bao la kisigino!" Papo hapo akawapigia simu maabara wawe macho na mapacha, na kabla jua halijazama kosa lilikuwa limerekebishwa kwenye mfumo wa zamani na kwenye mpya.

Mfumo mpya ulipofika hospitalini ulikuwa mdogo kuliko ulivyoanza, na hakuna mstari ambao mmoja wa mashemeji hao asingeweza kuueleza. Muuguzi alifungua ukurasa wa mjukuu mmoja, akafungua wa bibi yake mwenye namba ileile ya simu, kila mmoja na majibu yake. Hakushangaa wala kusifu, maana ndivyo alivyotarajia. Aliuliza tu kama herufi zinaweza kukuzwa, macho yake yanachoka.

"Zinakuzwa," alisema shemeji, akavuta kiti akaketi papo hapo.

Meneja, aliyekuwa amesimama mlangoni akijipepea kwa bahasha, alimsogelea Kifutio. "Nasikia siku hizi watu hawaandiki kabisa. Wanaiambia kompyuta kwa mdomo, yenyewe inatenda. Unaonaje?"

"Ilete tuione," Kifutio alijibu, macho yakiwa kwenye skrini. "Lakini ningoje kwanza, herufi hizi bado ndogo."