Mapigo ya Moyo wa Cherehani

Haya ninayoandika ni kweli tupu, neno kwa neno, na kama nimeongeza chumvi hata punje moja, basi goti langu la kushoto lisikunjike tena. Naliapia goti kwa sababu ndilo lililoanza.

Nilikuwa fundi cherehani kwa miaka arobaini na moja. Cherehani yangu ni ile ya kukanyaga kwa miguu, na enzi zangu nilikuwa namaliza suruali nane kabla chai haijapoa. Nilipostaafu, goti nalo likastaafu bila kuniuliza. Likikunjika linalia kriii, mpaka jirani wa ghorofa ya chini anainuka kwenda kufungua mlango, akidhani kaja mgeni.

Sisi tunakaa ghorofa ya tatu. Ngazi arobaini na nane. Kule juu mke wangu ana mboga zake, kazipanda kwenye ndoo kibarazani. Mimi nina dirisha langu na cherehani yangu chini yake. Humo ndimo tulimomlelea binti yetu mpaka akaolewa. Basi mwaka huu goti lilipovimba, nikawa napanda ngazi hizo kwa vituo, kama gari bovu. Dada wa mazoezi pale zahanati, msichana mwenye vidole kama koleo, aliniminyaminya kisha akasema:

"Babu, nakupa wiki sita. Tembea kila asubuhi, polepole. Lisikilize goti lako. Likikwambia basi, kaa. Likikwambia bado, endelea. Wiki sita zikiisha na ngazi bado zinakushinda, mtafute nyumba ya chini."

Nikarudi nyumbani na mke wangu. Tulipofika alizimwagilia mboga zake, akamaliza, akazimwagilia tena. Nikajua.

Binti yetu akaniletea saa ya kuhesabu hatua. Unaivaa mkononi, yenyewe inahesabu na kupeleka habari kwenye simu yake huko aliko.

"Hatua elfu sita kila siku, baba. Na usinifanyie ujanja, nakuona."

Siku ya kwanza nilitembea kweli. Nilifika kwenye nguzo ya taa, goti likasema basi, nikalisikiliza. Siku ya pili likasema basi tukiwa mlangoni. Siku ya tatu lilisema basi nikiwa bado kitandani, na mimi si mtu wa kumkatiza mgonjwa akizungumza.

Ndipo macho yangu yalipotua kwenye cherehani. Kile kikanyagio kinapanda, kinashuka, kinapanda. Ukikitazama vizuri, kinatembea. Basi ikawa mke wangu akishatoka saa moja asubuhi kwenda kazini, maana yeye bado anapika shuleni, mtaa wa pili, naifunga saa kwenye kikanyagio kwa utepe wa kupimia nguo. Naweka mguu wa kulia, ule mzima, nakanyaga taratibu huku nakunywa chai. Sindano haina uzi, kitambaa hakuna. Kikombe cha pili kikiisha, elfu sita hizo.

Mchana nampa mke wangu habari za matembezi.

"Leo nimefika mpaka kwa muoka mikate. Kuna mbwa mweupe pale pembeni, akiniona ananyanyua mguu wa mbele, ananipigia saluti."

"We mzee! Saluti?"

"Ya kijeshi kabisa. Na pua kainyoosha mbele."

Alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akapasha mafuta, akanikanda goti, akasema taratibu, "Asante, mzee wangu. Nilikuwa naogopa." Siku hiyo mafuta yaliniunguza hata yalipokwisha kupoa.

Sasa, kuna jambo hakuna aliyeniambia. Ile saa inasoma na mapigo ya moyo. Binti yetu alikuwa anaangalia hatua tu, anafurahi. Alhamisi ya wiki ya pili akabonyeza upande wa mapigo. Akampigia mama yake kule jikoni, analia.

"Mama, baba ametembea hatua elfu nne tangu asubuhi, na moyo haupigi!"

Mimi sina habari. Nakanyaga, natazama nje. Nikasikia viatu kwenye ngazi, vinapanda mbiombio, havipumziki. Mlango ukafunguka kwa kishindo. Mke wangu huyo, na aproni, na mwiko mkononi unadondosha maharage. Alikuja moja kwa moja akaniwekea kiganja kifuani, akakiacha pale. Alikuwa anahema. Mkono wake ulikuwa wa moto. Nikausikia moyo wangu unapiga chini yake. Miaka sitini na nane nimekuwa nao, sikuwahi kuusikiliza.

Kisha akaona utepe. Akaona saa. Akaona kikombe.

"Kumbe aliyekufa ni cherehani," akasema.

"Mama watoto, ngoja nikueleze..."

"Hukueleza vya kutosha? Inuka. Unanipeleka kwa yule mbwa."

"Sasa hivi?"

"Nataka saluti yangu."

Tukashuka, ameushika mwiko kama askari aliyekamata mwizi. Kwenye nguzo ya taa goti likasema basi. Nikamwambia. Sikutegemea, lakini alisimama. "Liulize vizuri," akasema. Nikatulia, nikasikiliza kweli. Goti lilikuwa linauma, ila nyuma ya maumivu lilikuwa linasema bado. Nilikuwa nimemkatiza mgonjwa siku zote hizo. Tukaenda. Mbwa hatukumwona. Tulikuta harufu ya mkate, na ukuta wenye kivuli, tukauegemea bega kwa bega.

Tulimtafuta yule mbwa kila asubuhi kabla mke wangu hajaenda kazini. Wiki ya sita dada wa mazoezi alikuja mwenyewe kunihesabia ngazi. Nilipanda zote arobaini na nane, polepole, bila kituo. Mke wangu alikuwa nyuma yangu. Alipofika juu alizimwagilia mboga zake mara moja tu. Hatuhami. Sasa kila nikiamka naweka mkono kifuani kwanza, nasema asante, ndipo nashusha miguu.

Na yule mbwa, mwishowe tulimpata, akatupigia saluti sote wawili...

Samahani, nimekatizwa. Mke wangu kasimama nyuma ya kiti changu, anasoma.

"Mbwa gani huyo?"

"Ni wa kunogesha tu."

"Na suruali nane kabla chai haijapoa?"

"Ilikuwa birika kubwa."

"Na jirani kufungua mlango?"

Kanionyesha vidole vitatu, kisha kanionyesha ngazi. Kushuka na kupanda, mara moja kwa kila uongo. Viatu vyangu keshavileta, na vyake kavivaa. Goti nimeliuliza, limesema bado.

Naweka kalamu.