Kichuguu Chini ya Nyumba

Kijiji kizima cha Dutwa kilimsifu Luhaga kwa kujenga juu ya kichuguu. Maji ya mvua hayafiki pale, na tofali za udongo ule ni ngumu hata shoka halizipasui. Alichimba, akafyatua, na tofali zilipotosha akasawazisha, akaacha. Malkia wa mchwa alibaki huko chini na jeshi lake. Kumfukua kungemchukua wiki nzima, na pamba ilikuwa inangoja palizi.

Mkewe Milembe aliipenda nyumba ile kama amezaliwa nayo. Kila vijia vya udongo vilipopanda ukutani na kwenye nguzo, aliona aibu, akachota kinyesi kibichi cha ng'ombe na kukandika juu yake mpaka pakawa laini. Mchwa huogopa jua kuliko moto. Kumbe Milembe mwenyewe, maskini, ndiye aliyekuwa akiwajengea giza, unyevu na chakula juu yake.

Mama mkwe wake, Mhoja, hakuwa na miguu tena ya kutembelea. Alilala chumba cha kati, chini ya dari ya miti.

"Mwanangu, huko juu wanatafuna."

"Ni panya, mayu, mama yangu," Milembe akajibu.

"Panya hupumzika. Hawa hawapumziki."

Walimcheka kidogo. Uzee una masikio yake.

Mahindi yalipokauka, Luhaga akaanza kuyapandisha darini tangu asubuhi. Mchana Milembe alikuwa akikandika nguzo ya kati, ile iliyobeba dari yote, kidole chake kikazama hadi kwenye fundo la pili. Akabandua. Hapakuwa na mti. Palikuwa na ganda tu, na ndani yake udongo wenye vyumba vyumba, na mchwa weupe wakikimbia mwanga.

Hakupiga kelele, akiogopa hata sauti yake ingeiangusha dari. Aliingia chumbani, akambeba Mhoja mgongoni na kutoka naye polepole hadi uani.

"Baba Dastan! Shuka! Nguzo imeliwa!" akamwita mumewe.

"Na mwanangu yuko juu?" Mhoja akauliza, akimng'ang'ania shingo.

Luhaga akachungulia dirisha la darini, amejaa vumbi la mahindi, anacheka.

"Mama Dastan, nguzo hii ni mkola, mti mgumu kama chuma, niliikata mwenyewe. Nimepandisha gunia kumi na nne. Hebu tazameni!"

Akainua mguu, akakanyaga dari kwa nguvu zake zote.