Msumari wa Glavu

Saa saba na nusu mchana tangi la mvuke lililia, na Mama Chupa akalifungua kwa pindo la aproni, kama alivyofanya kwa miaka mitatu. Ukutani palikuwa na msumari, na chini yake karatasi iliyoandikwa GLAVU. Msumari ulikuwa mtupu. Alitoa trei ya chupa, akapuliza vidole, akasema, "Asante Mungu, leo ni viwili tu."

"Wewe unashukuru hata kuungua," alisema wifi yake, dada wa marehemu mumewe, aliyehudumia tangi la pili. "Siku ukichemka mzima sijui utafunga siku ngapi."

Waliosha vyombo vya maabara. Mwaka ule chupa zilikuja na ute wa bakteria waliochotwa kwenye chemchemi ya maji yanayochemka. Mama Chupa aliusugua ute huo wiki mbili, kisha akashindwa kuvumilia, akamuuliza mtafiti, "Mbona hawaivi?"

"Wanajivika ute," alisema mtafiti. "Ni sukari nyingi zilizoshikana, mnyororo mrefu. Tukiutia kwenye mtindi, mtindi unakuwa mzito, na hata ukipashwa moto haujitengi na maji."

Mama Chupa alikwenda na jibu hilo hadi kwenye masomo yake ya jioni ya kusoma na kuandika, akarudi nalo. Kitu kisichoonekana kwa macho, na Mungu amekishonea koti.

Ijumaa watu sita wa jengo lile waliitwa kuuonja mtindi, naye akiwamo. Walipewa fomu ya kurudisha baada ya wiki moja, yenye swali moja: Je, umeona badiliko lolote mwilini? Wa kujibu hapana alitia sahihi tu. Wa kujibu ndiyo alitakiwa kujaza ukurasa wa pili.

Jumatatu Mama Chupa alisahau aproni, akashika trei kwa viganja vitupu. Hakuungua. Alitoa ya pili ili ahakikishe.

"Umeacha kuungua?" aliuliza wifi.

"Naona nimeacha."

"Basi nitolee na yangu, mimi bado naendelea."

Waonjaji watano walijibu hapana. Mama Chupa, ambaye hakutia sahihi yoyote kabla ya kusali, alijaza ukurasa wa pili: Ndiyo. Siungui tena. Ila chai nayo siisikii kama ni ya moto au imepoa. Mtafiti alimshukuru kwa mwandiko mzuri, akanakili sentensi mbili za mwanzo kwenye ripoti. Ya tatu ilikosa nafasi.

Ripoti ilipofika stoo, mtunza stoo alikuja kubandua ile karatasi ya GLAVU. "Idara ya kuosha haiungui," alieleza. Msumari aliuacha, maana ulikuwa mali ya jengo.

Nyumbani walilea mjukuu wa miaka mitatu, mtoto wa homa za mara kwa mara. Siku hizi Mama Chupa akimwekea mkono kichwani ili amwombee, hakujua anaomba afya iendelee au irudi. Ilibidi aite, "Wifi, njoo unipimie mtoto." Wifi alikuja na kiganja chenye malengelenge, akapima, na hakukosea hata mara moja.

Kwa hiyo Mama Chupa aliandika barua: Wifi yangu bado anaungua. Naomba glavu za mtu mmoja. Mikono yake tunaihitaji nyumbani.

Jibu lilikuja siku ya tatu. Lilikuwa kikombe cha mtindi, na kijiko kimefungwa kwa mpira.

Wifi alikiweka rafuni siku mbili. Mama Chupa alijitahidi kutoa trei zote, lakini matangi yote mawili yalilia saa ileile, na la pili halikusubiri. Siku ya tatu wifi aliungua viganja vyote. Alikaa juu ya ndoo, akakifungua kikombe kwa meno.

"Nisamehe, wifi," alimwambia Mama Chupa.

"Kula. Ningekuwa wewe ningekula juzi."

Baada ya wiki chache, Jumamosi asubuhi, mtoto alikataa kucheza. Bibi yake aliweka mkono, kisha wifi akaweka wake. Walitazamana. Wakambeba hadi kwa jirani yao, fundi cherehani, aliyetoka na kijiko mdomoni. Mtindi ule ulikuwa umeingia madukani mwanzoni mwa mwezi. Fundi aliweka kikombe chini, akamgusa mtoto paji la uso, akatafakari.

"Mbona naona kawaida."

Nyumba ya nne aliishi fundi baiskeli ambaye hakupenda maziwa tangu utotoni. Mlangoni kwake walikuta kina mama watatu na watoto wao, wakapanga foleni. Zamu yao ilipofika, alijifuta grisi kwenye suruali.

"Huyu anawaka. Zahanati, sasa hivi."

Dawa ilipatikana, na mtoto akapona.

Jumatatu saa saba na nusu matangi yalilia pamoja. Walitoa trei, kila mtu yake, kwa viganja vitupu. Kwenye msumari mtunza stoo alikuwa ametundika kibao kipya: SIKU THELATHINI BILA MFANYAKAZI KUUNGUA. Mama Chupa alikisoma herufi kwa herufi, kama alivyofundishwa jioni, na hakuona kosa.