Rihani Kati ya Nyanya

Mzee alikuwa fundi cherehani maisha yake yote, na macho yalimchoka kabla ya mikono. Hilo alilijua yeye peke yake. Mwanawe alishamwambia, kwa mapenzi lakini bila mzaha: "Baba, siku macho yakigoma, jembe nalifungia stoo. Sitaki ujikate mguu."

Kwa hiyo mzee akanyamaza, akapanda viungo vyake bustanini kwa akili: rihani kati ya nyanya, giligilani kando ya kabichi, rozmari mwanzoni mwa tuta la karoti. Akiulizwa, alijibu kwamba harufu hufukuza wadudu. Haukuwa uongo, wadudu walipungua kweli. Ila hakusema kwamba harufu hizo ndizo zilizomwongoza. Aligusa jani, akanusa vidole, akajua yuko wapi.

Asubuhi moja aliinama, akapapasa. Rihani hakuna. Akasogea kushoto, rozmari nayo hakuna. Akirudi ndani atasema nini? Akajipa moyo, akaanza kung'oa magugu kwa kubahatisha.

"Baba! Hizo karoti!"

Mkwewe, mke wa mwanawe, alikuwa nyuma yake na beseni la nguo za kuanika.

"Miche ilibanana, mwanangu. Naipunguza."

"Ndiyo umalize nusu ya tuta?"

Mzee akacheka, kicheko kikakatika njiani. "Viungo vyangu viko wapi?"

"Jana nimevihamishia pale ukutani, karibu na jiko. Nilitaka nikufurahishe. Vilikuwa vimetapakaa kila..." Uso wa mzee ulikuwa umeelekea pembeni kidogo ya pale mkwewe aliposimama. Akaweka beseni chini taratibu. "Baba, hunioni?"

"Nakuona kama kivuli. Tafadhali, usimwambie mumeo. Atanikalisha sebuleni kama saa ya ukutani."

"Siwezi kumficha, Baba. Leo ni karoti, kesho mguu."

Mzee akainamisha kichwa. Akasikia hatua za mkwewe zikienda, akajua mambo yamekwisha. Kisha hatua zikarudi, na harufu ya rihani ikatangulia, imebebwa pamoja na udongo wake.

"Niiweke wapi?"

Mzee akaigeukia harufu. "Kati ya hizo nyanya mbili. Usiibane. Mnanaa uache huko huko ukutani; ule ukikaribishwa tu, unageuka mwenye nyumba."

Mkwewe akacheka, akipangusa macho kwa mkono wenye udongo. "Jioni utamwambia mwenyewe. Lakini hapa hapa, si sebuleni. Mfumbishe macho, umtembeze tuta kwa tuta, anuse unavyonusa wewe."

"Na akikataa?"

"Nitakuwa nimesimama hapa. Atukatae wote wawili."

Mzee akavuta pumzi ndefu, akapiga magoti na kuanza kuchimba shimo kwa vidole.

"Basi lete na rozmari," alisema. "Tuwahi kabla jua halijawa kali."